Tusipotezane njiani: maswali ya wasomaji kuhusu misafara ya magari

Maulidi ya Lamu, arusi za Agosti na likizo za Desemba hutuletea swali lilelile kwa sura mbalimbali: magari yanatoka Malindi pamoja, yanafika Mokowe, gati la boti za Lamu, moja moja, na kila anayeshuka amenuna. Mwezi huu tunazijibu barua hizo kwa mkupuo.

SWALI: Wahariri, asalaam aleikum. Tunampeleka bwana arusi Lamu kwa magari sita: Noah mbili, Probox, Land Cruiser ya mjomba wake na matatu mbili za kukodi. Mara ya mwisho tulitawanyika kabla hata ya Garsen, kila mtu anapiga simu na hakuna anayepokea. Vijana wananiambia ninunue redio koli zile ndogo za mkononi, eti zinafika kilomita kumi. Zitatufaa? (Mama wa bwana arusi, Shela, Malindi)

JIBU: Waaleikum salaam mama, na hongera kwa arusi. Zitawafaa, ila hizo kilomita kumi zisahauni. Hizo ni za mtu aliyesimama juu ya kilima akiongea na mwenzake aliye juu ya kilima kingine, na katikati hakuna kitu. Redio ndogo za aina hiyo nyingi zina nguvu ya nusu wati tu, na ukiwa ndani ya gari, bati la bodi linameza sehemu kubwa ya mawimbi. Hesabuni kilomita moja hadi mbili barabarani, na pungufu ya hapo mkipita kwenye nyumba na miti.

Sasa tieni mwendo kwenye hesabu. Gari likienda kilomita 80 kwa saa linakata kilomita moja na theluthi kila dakika. Noah ya nyuma ikipata pancha na wenzake wasijue, baada ya dakika mbili wameiacha kwa zaidi ya kilomita mbili na nusu. Jeki haijatoka kwenye buti, na redio tayari haisikiki. Kwa hiyo neno "nasimama" lisemwe gari likiwa bado linatembea. Anayeshuka kwanza kukagua gurudumu ndipo arudi kuchukua redio, amechelewa.

Kinachoushika msafara ni kioo cha nyuma. Kila dereva ana kazi moja ya ziada: kumwangalia aliye nyuma yake. Asipomwona kwa dakika moja, apunguze mwendo. Zikifika dakika mbili, atafute mahali pa usalama asimame, hazadi zikiwaka. Aliye mbele yake naye atamkosa kiooni, atapunguza, na hivyo hivyo hadi gari la kwanza. Msafara mzima unasimama wenyewe hata kama betri za redio zote zimekufa. Utaratibu huu huvunjwa na dereva anayemfukuza wa mbele badala ya kumlinda wa nyuma, na mama utatusamehe, mara nyingi huyo ndiye kijana wa Probox. Muwekeni katikati.

Mbele aende anayeijua njia na asiye na papara. Nyuma yake zifuate matatu, kwa sababu zina spidi gavana na kisheria hazipiti kilomita 80 kwa saa. Mwendo wao ndio mwendo wa wote. Nyuma kabisa aende mjomba na Land Cruiser yake, akiwa na kamba ya kuvutia, jeki inayoweza kuinua matatu, spana za saizi zote za nati za magurudumu yenu (muwaulize madereva mapema, Noah na matatu hazilingani) na sanduku la huduma ya kwanza. Hakuna anayepita nyuma ya gari la mwisho. Gari lolote likisimama, mjomba anasimama nalo.

Msiandamane mkiwa mmegusana bampa. Kwa mwendo wa 80, acheni sekunde tatu kati ya gari na gari, yaani karibu mita 65. Magari sita yaliyobanana ni ukuta: basi la nyuma likitaka kupita halina pa kujichomeka, litajaribu kuwapita sita kwa pigo moja, na hapo ndipo ajali hutokea.

Jioni ya kuamkia safari, andikeni karatasi moja kwa kila gari. Iwe na namba za usajili za magari yote, majina ya madereva, namba mbili za simu kwa kila gari, na vituo vya kukutania kwa mpangilio: Gongoni, Garsen, Witu, Hindi, Mokowe. Kwenye simu haitoshi, simu huzimika. Penye njia panda ya Garsen, barabara ya Hola na Garissa inapoachana na ya Lamu, hakuna anayekata kona kabla ya kumwona wa nyuma yake amefika. Hapo ndipo watu hupotea, maana aliyeachwa huifuata barabara iliyonyooka mbele yake na kujikuta anaelekea Hola.

Na aliyepotea hatafuti wenzake. Anakwenda kituo kinachofuata kwenye karatasi na kukaa hapo. Wenzake wakimkosa kituoni wamsubiri nusu saa, kisha lirudi gari moja tu, lenye watu wawili, hadi kituo cha nyuma. Magari mawili yakirudi bila mpango yatapishana na aliyepotea gizani, na badala ya kumtafuta mmoja mtawatafuta watatu.

Jambo la mwisho, mama: kati ya Garsen na Lamu polisi wamekuwa wakisindikiza mabasi kwa vipindi, na masharti ya saa za kupita hubadilika. Ulizeni kituo cha polisi siku moja kabla. Mkiwekwa ndani ya msafara wa polisi, wao ndio wanaoamua pa kusimama, na karatasi yenu inasubiri. Kipindi cha mvua ulizeni pia hali ya mto Tana. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yaliikata barabara hii eneo la Gamba, na ratiba yoyote ya vituo isingewafaa siku hiyo.

SWALI: Sisi hatuna haja ya redio. Tuna kundi la WhatsApp na kila mtu anatuma alipo. Lakini juzi ramani ilionyesha gari la kaka yangu limesimama porini saa nzima, tukarudi mbio, kumbe alikwisha kutupita. Kasoro ni nini? (Kijana wa Watamu)

JIBU: Mtandao ulimpotea. Alama ya mahali pa mtu husogea tu simu yake inapokuwa na intaneti. Ikikatika, alama inabaki pale ilipokuwa mara ya mwisho, na kwa macho inafanana kabisa na gari lililoharibika. Kabla ya kugeuza gari, gusa alama usome ilipashwa lini. Ikiwa ni dakika arobaini zilizopita, hiyo ni habari ya zamani.

Sababu ya pili ni simu yenyewe kubana betri. Simu nyingi za Android huzima programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia kioo kikizimwa. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp ndani ya simu, ruhusu itumie mahali ulipo wakati wote, na uitoe kwenye orodha ya programu zinazobaniwa betri. Halafu wakati wa kutuma chagua saa 8. Kuna dakika 15, saa 1 na saa 8, na wengi hubonyeza ya katikati bila kusoma, ikaisha wakiwa bado njiani.

Bando likigoma, SMS ya kawaida mara nyingi hupenya, kwa kuwa inahitaji mtandao kidogo sana na husubiri yenyewe hadi ipate njia. Kubalianeni muundo mmoja mfupi: "GARI 4 WITU 10.40 SALAMA". Na saa iandikwe kwa mtindo mmoja tu. Mmoja akiandika "tukutane saa 4" akimaanisha saa nne asubuhi, na mwingine akasoma kwa saa ya simu, mtapishana kwa saa sita.

Pakueni ramani ya njia nzima mkiwa bado mjini kwenye mtandao mzuri, ili mshale uendelee kutembea hata bila intaneti. Mshale hutegemea setilaiti, haujali bando. Kila gari liwe na laini za kampuni mbili tofauti. Na simu ya msafara ishikwe na abiria. Dereva anayeshika simu gari likitembea ana faini ya shilingi 2,000 chini ya kanuni za makosa madogo ya barabarani za 2016, na hiyo ni kama bahati ni njema.

SWALI: Redio tunazo lakini ni fujo tupu. Watoto wanaimba, watu wawili wanaongea kwa pamoja, na kuna gari moja halisikii mtu yeyote. (Msomaji, Mambrui)

JIBU: Tuanze na hilo gari lisilosikia. Redio zote zinaweza kuwa chaneli ya 5 na bado mmoja akawa kiziwi, kwa sababu kuna mpangilio wa pili, toni ndogo isiyosikika kwa sikio ambayo redio huituma pamoja na sauti. Redio iliyowekewa toni hubaki kimya mpaka isikie toni yake. Zimeni toni kwenye redio zote, mjaribu. Zikisikika, wekeni toni moja kwa zote au muiache. Toni haifichi maneno yenu, maana mwenye redio isiyo na toni anasikia kila kitu.

Chaneli nzima ikijaa mvumo na hakuna anayeweza kuongea, kuna kitufe cha kuongea kilichobanwa mahali. Mara nyingi redio imekaliwa, au imesukumwa kati ya kiti na breki ya mkono. Simameni, kila gari lizime redio yake kwa zamu. Ile ambayo ikizimwa mvumo unakoma, ndiyo yenyewe.

Kuongea kuna adabu yake. Bonyeza, hesabu sekunde moja, ndipo useme, la sivyo neno la kwanza linakatwa na "usipite!" inasikika "pite!". Anza kwa kumtaja unayemwita, kisha ujitaje: "Gari la kwanza, gari la nne hapa." Mdomo uwe mbali na kinasa kwa upana wa vidole vitatu hivi, na dirisha lifungwe. Ukimaliza, achia kitufe. Anayepokea arudie jambo lenyewe, "sawa, unasimama Gongoni", kwani "sawa" peke yake haionyeshi kama amesikia mahali au amesikia mlio tu. Redio kwa kila gari ishikwe na mtu mzima mmoja. Watoto waimbe bila redio.

Jaribuni siku moja kabla. Gari moja libaki mjini, jingine lielekee daraja la Sabaki likiita kila baada ya kilomita moja. Pale sauti inapoanza kukatika ndipo umbali wenu wa kweli, na msafara uwe mfupi kuliko huo.

SWALI: Mimi ni fundi hapa Malindi. Nimefunga redio ya wati 25 kwenye Land Rover ya zamani. Kusikia inasikia vizuri, lakini nikibonyeza kuongea inazima na kuwaka tena. Nimebadilisha redio, tatizo ni lile lile. (Fundi wa umeme wa magari)

JIBU: Redio hiyo haina kosa, fundi. Ikisikiliza hunywa chini ya ampia moja. Ikituma kwa wati 25 hunywa kama ampia sita hadi nane kwa mpigo, na waya mwembamba haustahimili. Tunahisi umechukua umeme kwenye soketi ya kiberiti au kwenye waya wa redio ya muziki. Weka mita kwenye nyaya pale zinapoingia redioni, siyo kwenye betri, injini ikiwa inanguruma. Utaona volti 13.8 hadi 14.4. Sasa bonyeza kutuma. Zikishuka zaidi ya nusu volti, waya au maungio ndiyo adui. Zikianguka chini ya 11 hivi, redio nyingi hujizima.

Dawa ni kwenda moja kwa moja kwenye betri kwa waya wa milimita za mraba 4, chanya na hasi, na fyuzi ya ampia 15 kwenye chanya, isizidi shubiri moja kutoka betri. Fyuzi iliyowekwa karibu na redio hailindi waya. Waya ukichubuka kwenye ukuta wa injini, ni betri na bodi vinavyogusana, na moto huanzia hapo. Kisha safisha ncha za betri. Hewa ya chumvi ya pwani hii huota kutu ya kijani ambayo kwa taa haionekani kuwa na shida, kwa ampia nane inaonekana. Kama gari ni la mfumo wa volti 24, kama yalivyo malori na baadhi ya magari makubwa ya watalii, weka kwanza kipunguza volti. Redio ya volti 12 ikipewa 24 hufa mara moja.

Kuhusu antena, jua kwamba bodi la Land Rover za zamani ni alumini, hivyo kitako cha sumaku hakishiki, kitaanguka kwenye tuta la kwanza. Toboa paa au tumia mkono wa chuma, na pale kitako kinapokaa kwangua rangi hadi alumini ing'ae, maana antena inahitaji paa kama nusu yake ya pili. Urefu wa robo ya wimbi kwa sentimita ni 7,500 ugawe kwa megahezi: kwa 150 ni sentimita 50, kwa 450 ni karibu 17. Usitume kamwe antena ikiwa haijafungwa, nguvu hurudi ndani na kuunguza transista ya mwisho. Ukiwa na kipimo cha mawimbi yanayorudi, chini ya 1.5 ni safi, juu ya 2 tafuta kosa, kwa kawaida ni maungio au kebo iliyobanwa na mlango. Zungushia maungio ya nje tepu ya mpira inayojishika yenyewe, halafu juu yake tepu ya umeme. Na mwenye gari aambiwe asipakie godoro na mabati juu ya keria pembeni ya antena, kisha aje kulalamika kwako.

Ukisikia mluzi unaopanda na kushuka na injini, hiyo ni altaneta. Ukiunganisha hasi ya redio kwenye betri mara nyingi unapungua au kuisha.

SWALI: Redio za UV-5R zinauzwa bei nafuu na watu wanazitumia. Ni halali? (Msomaji, Mpeketoni)

JIBU: Kununua hakukupi ruhusa ya kutuma. Hapa Kenya masafa ya redio yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kifaa kinatakiwa kiwe kimeidhinishwa nayo. Redio uliyoitaja inafungua kuanzia megahezi 136 hadi 174 na sehemu kubwa ya 400 kwenda juu. Ndani ya mapana hayo mna masafa ya vyombo vya baharini na ya watu wengine wenye leseni, na ukibonyeza kwa kubahatisha unaweza kuingia juu ya wito wa chombo kinachozama. Wenye leseni ya redio za ridhaa, yaani za kujifurahisha tu, wana megahezi 144 hadi 146, lakini leseni hiyo ni ya mtu mwenyewe, haimfuniki dereva wa gari la tatu, wala si ya kazi ya biashara. Andikieni Mamlaka, waambieni ni magari mangapi na njia gani, wawape masharti.

Kwa kaunti ya Lamu tunaongeza neno. Kuna vizuizi vingi vya usalama barabarani, na redio isiyo na karatasi huzua maswali marefu. Semeni mapema kwamba mnazo, muonyeshe hati, na msiiache ikitafuta chaneli za watu. Kama hati haijapatikana, endeni kwa simu, SMS na kioo cha nyuma. Msafara wa magari sita unaendeshwa vizuri kwa hayo matatu.

SWALI: Tunakwenda Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala, magari manne. Simu zitashika? (Waongozaji wapya, Malindi)

JIBU: Kwa kukatika-katika. Panga kana kwamba hazishiki. Malipo ya KWS, shirika la wanyamapori, hupitia eCitizen na si fedha taslimu, kwa hiyo lipeni mkiwa Malindi na mhifadhi risiti ndani ya simu, isiwe mnaitafuta mtandaoni langoni. Kwenye barabara ya vumbi ile hesabu ya sekunde tatu haifai. Acheni nafasi mpaka vumbi la wa mbele litue, ambayo upepo ukilala inaweza kuwa mita 300 au zaidi, na hapo ndipo redio zinalipa gharama yake, kwa kuwa kioo hakionyeshi kitu. Taa za mbele ziwake mchana. Ndani ya hifadhi mwendo ni kilomita 40 kwa saa, na lango hufungwa saa kumi na mbili jioni, basi kituo cha mwisho cha kukutana kiwekeeni saa, msiwaze tu "tutaonana langoni". Mwachieni mtu Malindi karatasi ya safari na saa ambayo asiposikia kutoka kwenu atapiga simu KWS. Gari likiharibika, watu wakae ndani. Anayeshuka kutafuta mtandao kwa miguu yuko kwenye makao ya simba.

SWALI: Tukishaacha magari Mokowe na kupanda boti mbili, redio zetu za magari tuendelee nazo baharini? (Mama wa bwana arusi tena)

JIBU: Zizimeni mama, muziweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, maji ya chumvi huziua kwa tone. Nahodha mwenye redio ya baharini husikiliza chaneli 16, megahezi 156.8, ambayo ni ya dharura na kuitana. Mwulizeni kama anayo na kama inafanya kazi kabla hamjapanda. Hesabuni watu gatini Mokowe na mhesabu tena mkishuka Lamu, kila boti na orodha yake, na maboya yavaliwe, yasikaliwe. Funguo za magari yote sita zipewe mtu mmoja, na awe anayerudi siku mnayorudi.